Kwa nini mamalia hulala? Maelezo matatu yakipimwa kwa tembo, popo na sili

Ukiuliza kazi ya usingizi ni nini, kwa kawaida utapewa jibu moja kati ya matatu, na anayelitoa atalitoa kana kwamba yale mengine mawili hayapo. Jibu la kwanza: mnyama hulala ili asichome nguvu bure na asizurure saa ambazo hazimfai. La pili: hulala ili ubongo uondoe taka zilizojikusanya akiwa macho. La tatu: hulala ili ubongo uyapange upya aliyojifunza, upunguze yaliyozidi na kuyaacha yenye maana.

Mwalimu wa baiolojia anayeandaa somo, mwanafunzi anayeandika insha, mzazi aliyebanwa na maswali ya mtoto, wote watafika mahali pa kuchagua. Wengi huchagua jibu lililovuma karibuni, na kwa miaka kumi na zaidi sasa lililovuma ni la taka. Mimi napendekeza kipimo kingine: chukua kila jibu uliweke mbele ya wanyama wenyewe. Mamalia wanafaa mno kwa kazi hiyo, kwa sababu wote waliochunguzwa vizuri wanalala, ila kiasi wanacholala kinapishana mara kumi kati ya aliye juu na aliye chini.

Kabla ya kuchagua, tenganisha maswali mawili ambayo hujumuishwa ovyo. Moja ni hili: kwa nini hakuna mamalia aliyewahi kuuacha usingizi kabisa? Jingine: kwa nini huyu alale saa 2 na yule 20? Jibu linaloshinda kwenye swali moja linaweza kushindwa vibaya kwenye jingine, na nadhani mabishano mengi ya wataalamu yanadumu kwa sababu kila upande unajibu swali lake.

Takwimu zenyewe, na tahadhari moja

| Mnyama | Saa za usingizi kwa siku | Alikopimwa |
|---|---|---|
| Tembo wa savana | 2 | porini, Chobe, Botswana |
| Sili-tembo wa kaskazini (mamalia wa baharini) | 2 akiwa baharini, karibu 11 akiwa nchi kavu | Pasifiki na pwani ya California |
| Twiga | chini ya 5 | bustani ya wanyama |
| Choroa wa Arabuni | karibu 4 kiangazi, karibu 7 majira ya baridi | jangwani, Saudi Arabia |
| Binadamu wasio na umeme | 5.7 hadi 7.1 | Tanzania, Namibia na Bolivia |
| Slothi wa vidole vitatu | karibu 10 porini, 16 kifungoni | Panama, na maabara |
| Popo mdogo wa kahawia | karibu 20 | maabara |

Mstari wa slothi, yule mnyama wa mitini wa Amerika aendaye polepole, ndio tahadhari. Kwa miongo mingi vitabu vilimwita mnyama anayelala kupita kiasi, kwa sababu alipimwa akiwa amefungiwa, analishwa, hana la kutafuta. Mwaka 2008 watafiti waliwafunga slothi wa porini huko Panama vifaa vidogo vya kupima mawimbi ya ubongo, wakapata saa 9.6 tu. Kwa hiyo ukikuta orodha ya saa za wanyama, uliza kwanza kama wamepimwa kwenye msitu wao au kwenye banda. Hata tembo wa bustani za wanyama hulala mara mbili au zaidi ya wale wa porini.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba usingizi wa mamalia ni wa aina mbili. Kuna usingizi wa mawimbi ya polepole, ambapo seli za gome la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huwaka na kuzimika pamoja kwa mdundo mkubwa. Kuna pia usingizi wa ndoto, ambapo macho hupepesuka chini ya kope, misuli hulegea kabisa, na ubongo huonekana kama wa aliye macho. Aina hii ya pili ilielezwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953. Nitaishughulikia peke yake baadaye, maana inaharibu hesabu ya kila mtu.

Jibu la kwanza: kutulia wakati usiofaa

Mtetezi wake mkubwa ni Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 2009 alilipanga vizuri: kila mnyama ana saa zake za kuvuna na saa zake za hasara, na usingizi ni njia ya kumweka mahali salama, mwili ukitumia nguvu kidogo, mpaka saa za kuvuna zirudi.

Mchukue popo mdogo wa kahawia wa Amerika Kaskazini. Ana uzito wa gramu chache tu, na anakula wadudu wanaoruka kwa muda mfupi jioni na usiku. Akitoka mchana hatapata chakula cha kutosha, atapoteza joto la mwili, na atakutana na ndege wawindaji wenye macho makali kumshinda. Hasara tupu. Hivyo hulala karibu saa 20, na kwa mnyama mdogo hivyo anaishi sana, maana wapo waliorekodiwa wakiwa na zaidi ya miaka 30.

Sasa mgeukie tembo. Majani ni chakula chenye lishe hafifu, na mwili wake unadai zaidi ya kilo 100 za majani kila siku. Anayekula hivyo hana saa za kuchezea. Kundi la watafiti wakiongozwa na Paul Manger wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand liliwawekea tembo jike wawili, viongozi wa familia zao huko Chobe, kifaa cha kupima mwendo ndani ya mkonga. Mkonga ndio unaotulia wa mwisho. Ukikaa bila kusogea dakika kadhaa, tembo amelala. Siku 35 za vipimo, zilizochapishwa mwaka 2017, zilitoa wastani wa saa 2 kwa siku, nyingi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Zipo siku ambazo tembo hao hawakulala kabisa, hadi saa 46 mfululizo, na usiku kama huo walitembea hata kilomita 30, pengine wakikimbia simba au majangili.

Popo na tembo wanaliunga mkono jibu hili bila kusitasita. Choroa naye ni shahidi mzuri. Mnyama yuleyule, jangwa lilelile, ila majira yakibadilika usingizi wake hupungua karibu nusu, kwa sababu joto la kiangazi humlazimisha kupanga upya saa za kula na saa za kivuli. Ubongo wake haubadiliki kwa kiasi hicho kati ya Januari na Julai. Kinachobadilika ni hali ya nje.

Halafu kuna nyani wa Mpala, Laikipia, Kenya. Walivishwa kola zenye vipima mwendo na GPS, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Nyani hao walilala kidogo zaidi walipokuwa kwenye mti wasiouzoea, na pia walipobanana na wenzao wengi. Lenye uzito zaidi kwangu ni hili: kuchoka mchana au kukosa usingizi usiku uliopita hakukuwafanya wajilipe usiku unaofuata. Usalama na jamii vilitangulizwa mbele ya deni la usingizi.

Kwa binadamu pia hali ya nje inaonekana. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi walivaa vipima mwendo mkononi, na mwaka 2017 ikachapishwa hesabu ya kushangaza: kati ya watu wazima 33 waliofuatiliwa kwa siku 20, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulijumlisha dakika 18 tu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na daima palikuwa na mtu aliye macho au anayejigeuza. Hawakupanga zamu, ila zamu ilijipanga kutokana na umri. Ndiyo maana siwezi kukubali wale wanaomwona mzee anayeamka saa 10 usiku kuwa mgonjwa moja kwa moja. Kwenye kambi yenye fisi na simba karibu, macho yake yalikuwa mali ya wote.

Hadi hapa ungeweza kufunga mjadala na kulichagua jibu la kwanza. Usifanye hivyo bado, kwa sababu kuna ushahidi mzito upande wa pili.

Nguvu inayookolewa na usingizi ni ndogo mno kwa mnyama mkubwa. Binadamu anayekesha kitandani bila kufanya kazi hutumia takriban kalori 130 zaidi ya yule aliyelala usiku huohuo, yaani kama vipande viwili vya mkate. Kwa popo hesabu ni tofauti, kwani mwili mdogo hupoteza joto haraka. Lakini kwa mtu, kuzima fahamu zake kwa saa 7 mbele ya wawindaji ili kuokoa kiasi hicho ni biashara ya hasara. Angeweza kulala chali macho wazi akaokoa karibu chote.

Kisha wapo panya wa Chicago. Miaka ya 1980 Allan Rechtschaffen na wenzake waliweka panya wawili kwenye kisahani kimoja juu ya maji. Mmoja kila alipoanza kusinzia, kisahani kilizunguka, naye akalazimika kutembea asianguke majini. Mwenzake alitikiswa kwa kiasi kilekile, ila aliweza kulala kisahani kilipotulia. Walionyimwa usingizi walikula zaidi na zaidi, wakakonda, joto la miili yao likashuka, wakafa kati ya siku ya 11 na ya 32. Wenzao walinusurika. Kama usingizi ungekuwa kutulia tu, kuukosa kusingeua mnyama aliyelishwa vizuri.

Shahidi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni pomboo. Lazima aje juu kupumua, na kupumua kwake ni kwa hiari, hakujiendeshi kama kwetu. Anaogelea mchana na usiku. Ikiwa yupo mamalia aliyekuwa na kila sababu ya kuacha kulala, ni huyu. Hakuacha. Mwaka 1977 Lev Mukhametov na wenzake katika Umoja wa Kisovyeti walionyesha kwamba pomboo hulala nusu ya ubongo kwa zamu: upande mmoja una mawimbi ya polepole, mwingine uko macho, na jicho moja limefunguka. Miaka ya 1990 kundi hilo likaenda mbali zaidi. Waliwaamsha pomboo kila upande mmoja tu ulipoanza kulala, na baadaye walipowaacha, ni upande ule ulionyimwa uliofidia. Mwili wote ulikuwa ukisogea wakati wote huo, kwa hiyo kutulia hakukuwapo kabisa. Deni lilikuwa ndani ya ubongo, tena ndani ya nusu moja ya ubongo.

Jibu la pili: kuondoa taka

Hili nitalipita haraka kuliko umaarufu wake unavyodai. Mwaka 2013 maabara ya Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ilichapisha kwamba panya anapolala nafasi iliyo kati ya seli za ubongo hupanuka, kutoka kama asilimia 14 ya ujazo wa ubongo hadi asilimia 23 hivi, na maji ya ubongo hupita humo yakibeba mabaki, pamoja na ile protini inayojilimbikiza kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Picha hiyo iliwashika watu, na inaeleweka: inaeleza kwa nini mnyama hana budi kulala, na inaeleza kwa nini kazi hiyo haifanyiki akiwa macho.

Shida ni mbili. Kwanza, mwaka 2024 kundi la Nicholas Franks wa Imperial College London lilipima kwa njia nyingine jinsi rangi maalumu inavyosambaa na kuondoka katika ubongo wa panya, likapata kinyume: uondoaji ulipungua panya akiwa amelala au amepigwa dawa ya usingizi. Watetezi wa maelezo ya taka wanaikosoa njia hiyo ya kupima, na mabishano yanaendelea. Unapochagua nguzo ya kuegemeza somo zima, nguzo inayotikiswa na kipimo chake cha msingi si ya kuegemewa peke yake.

Shida ya pili ni tembo tena. Ubongo wake ni mkubwa kuliko wetu zaidi ya mara tatu na haulali siku nzima wakati mwingine. Kama taka ndizo zinazoamua, zake zinakwenda wapi? Hapa kuna jibu la kuheshimiwa kutoka kwa Suzana Herculano-Houzel, mtaalamu wa Brazili: kadiri ubongo wa mamalia ulivyokua katika mageuzi, ndivyo idadi ya niuroni, yaani seli za neva, chini ya kila kipande cha uso wa gome ilivyopungua, hivyo mabaki hujaa polepole na mnyama huweza kukaa macho muda mrefu zaidi. Napenda hoja hiyo kwa sababu inajaribu kujibu maswali yote mawili kwa pigo moja. Ila haimsaidii choroa, ambaye niuroni zake ni zilezile kiangazi na majira ya baridi.

Jibu la tatu: kupanga upya miunganiko

Giulio Tononi na Chiara Cirelli wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walilitoa mwaka 2003. Kila unapojifunza, miunganiko kati ya niuroni, yaani sinapsi, huimarika. Miunganiko yenye nguvu hula nishati na nafasi, na mwishowe ubongo unajaa na kushindwa kupokea jipya. Usingizi wa mawimbi ya polepole huilegeza miunganiko kwa ujumla, na ile iliyo imara zaidi hubaki. Kwa nini usifanyike mtu akiwa macho? Kwa sababu ubongo ulio macho unapokea mapya wakati wote, hauwezi kulinganisha yote yaliyomo kwa haki.

Utabiri wao ulipimwa kwa subira inayostahili sifa. Mwaka 2017 walichapisha vipimo vya sinapsi 6,920 za gome la ubongo wa panya, moja baada ya nyingine kwa darubini ya elektroni. Baada ya usingizi, eneo la mgusano la sinapsi lilikuwa dogo kwa wastani wa asilimia 18 kuliko baada ya kukesha, isipokuwa kwenye ile sehemu ya tano iliyo na sinapsi kubwa kabisa, ambayo haikuguswa.

Faida kubwa ya jibu hili katika ulinganisho wetu ni kwamba linaufanya usingizi kuwa kazi ya eneo, si ya mwili mzima. Sehemu ya ubongo iliyotumika sana hulala kwa mawimbi makubwa zaidi. Hilo lilionekana kwa watu waliofundishwa kazi mpya ya mkono kabla ya kulala. Kwa hiyo pomboo anayelipa deni la nusu moja si kioja tena. Anafanya kwa kiwango kikubwa kile ambacho kila ubongo hufanya kwa kiwango kidogo. Watoto wachanga wanalala sana kuliko wazazi wao, nalo linaingia vizuri, maana ubongo wao unajenga miunganiko kwa kasi.

Mageuzi pia yanaonyesha kwamba kazi hii ya kuutunza ubongo inaweza kuhamishwa nje ya usingizi wa kawaida. Mwaka 2024 watafiti waliopima reindia, wale kulungu wanaofugwa kaskazini mwa Norwei, waligundua kwamba anapocheua mawimbi ya ubongo wake hufanana na ya usingizi mwepesi, na kadiri anavyocheua zaidi ndivyo anavyohitaji usingizi kidogo baadaye. Yeyote aliyekaa na ng'ombe jioni amemwona akicheua macho nusu yamefumba, hayupo kabisa wala hajalala. Ikiwa matunzo yanafanyika hata katika hali hiyo, wanyama wanaocheua wamepata njia ya kula na kutunza ubongo kwa wakati mmoja, na saa chache za choroa zinaanza kueleweka.

Udhaifu wake? Tembo, kwa mara ya tatu. Ni mnyama anayekumbuka visima vya maji vya mbali na sauti za jamaa zake kwa miaka. Kama kujifunza ndiko kunakoamua saa za kulala, angelala kuliko popo. Jibu la tatu halina njia nzuri ya kutoka saa 20 hadi saa 2.

Usingizi wa ndoto uwekwe kando

Watu wengi husema ndoto ndizo zinazotunza kumbukumbu. Ukitazama mamalia wote, hilo halisimami. Platipasi wa Australia, mnyama anayetaga mayai, ana hadi saa 8 za usingizi wa namna hii kwa siku, kuliko mamalia yeyote anayejulikana. Pomboo, mwenye akili tunayoisifu, hajawahi kuonyeshwa kwa uhakika kuwa nao. Tembo wa Chobe walilala chini, hali inayohitajika ili misuli ilegee, mara moja tu kila siku 3 au 4.

Sili manyoya wa kaskazini ndiye anayevunja kabisa dhana hiyo. Akiwa nchi kavu mara nyingi hulala kama sisi, pande zote mbili za ubongo, na hupata kama dakika 80 za usingizi wa ndoto kwa siku. Akiingia majini hulala nusu kama pomboo, na dakika hizo zinashuka hadi 3 hivi, kwa majuma. Akirudi ufukweni hafidii alichokosa. Maelezo ninayoyapa uzito hapa ni ya Siegel: usingizi wa ndoto huupasha ubongo joto baada ya usingizi wa mawimbi ya polepole kuupoza. Pomboo na sili wa majini hawauhitaji, kwani upande mmoja haupoi. Mwaka 2022 alilinganisha makundi makubwa ya wanyama: walio na joto dogo la mwili, kama platipasi mwenye nyuzi 31 hivi, wana mwingi, mamalia wengi wa nyuzi 37 wana saa 2 hivi, ndege wa nyuzi 41 wana kidogo sana.

Kwa hiyo usichanganye aina mbili za usingizi katika jibu moja. Kosa hilo limeenea hata katika vitabu vizuri.

Uchague lipi?

Kama swali lako ni la saa, yaani kwa nini simba analala kutwa na twiga hafikishi hata saa 5, chagua jibu la kwanza. Chakula, ukubwa wa mwili, hatari na majira vinaeleza tofauti hizo kuliko kitu kingine chochote kilichopo mezani. Ila usiliegemeze kwenye kuokoa nguvu pekee. Takwimu zilizozingatia undugu wa spishi, kama za Isabella Capellini na wenzake mwaka 2008, zilionyesha kwamba wanyama wenye matumizi makubwa ya nishati hulala kidogo, si zaidi, kwa kuwa wanatakiwa kutafuta chakula. Saa za kula ndizo zinazoubana usingizi.

Kama swali lako ni kwa nini usingizi haukwepeki, liache jibu la kwanza kabisa. Hapo chagua matunzo ya ubongo, na kati ya matunzo mawili ningechagua la sinapsi kuwa msingi, lile la taka nikilitaja kama linalochunguzwa. La sinapsi lina vipimo vya moja kwa moja, na linawaeleza pomboo bila kupindishwa.

Kuna kesi moja ambayo watu wa upande wa matunzo huipenda mno na ningekushauri uitumie kwa uangalifu. Kindi wa ardhini wanaolala miezi ya baridi kali miili ikiwa imepoa huamka kila baada ya muda, wakachoma nishati nyingi kujipasha joto, kisha wanalala usingizi wa mawimbi makubwa. Ilionekana kama ushahidi mtupu kwamba ubaridi hautoshi, usingizi wenyewe unahitajika. Lakini watafiti waliowanyima usingizi punde tu walipoamka hawakuona fidia ya kawaida. Hoja inabaki nzuri, ila si ya kufungia mjadala.

Kwa mtu mwenye kipindi kimoja cha dakika 40 darasani, ningechagua mnyama mmoja anayebeba maswali yote mawili kwa pamoja: sili-tembo wa kaskazini. Utafiti ulioongozwa na Jessica Kendall-Bar, uliochapishwa mwaka 2023, uliwavisha kofia za kupima mawimbi ya ubongo na kufuatilia mienendo ya zaidi ya sili 300. Nchi kavu hulala karibu saa 11. Baharini, kwa miezi 7 hivi, hulala saa 2 kwa siku, kwa vipande visivyofika dakika 20, akiwa amezama mita nyingi chini ambako papa na nyangumi wauaji hawamfikii kirahisi. Anapoingia usingizi wa ndoto hulegea, akapinduka tumbo juu na kuzama akizunguka, kisha huamka na kupanda kupumua. Waulize wanafunzi kwanza kwa nini saa zimeshuka kutoka 11 hadi 2. Watataja samaki wa kuwinda na papa wa kuogopa. Kisha waulize kwa nini hajaziacha hizo 2 zilizobaki.

Ukiwa na vipindi viwili, cha pili kiwe cha pomboo na deni lake la nusu ya ubongo, kabla ya tembo. Tembo anavutia, lakini akitangulia wanafunzi huondoka na wazo kwamba usingizi ni anasa ya wenye nafasi, na inachukua muda kuliondoa.